Barua kwa Mhariri: Maadili ya utafiti wa jenetiki yaanzie kwenye kichupa cha damu

Ndugu Mhariri,

Litaje neno DNA kwenye daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo. Kabla hamjafika Mtoni abiria watakuwa wameshagawanyika, wengine wakitaka kila mtoto apimwe akizaliwa, wengine wakisema funika kombe mwanaharamu apite. Magazeti yetu, lenu likiwamo, yamechangia, maana habari ya vinasaba ikichapishwa aghalabu ni ya baba na mtoto. Kijana anayejiunga na chuo kusomea udaktari, uuguzi, maabara au baiolojia anaingia darasani na picha hiyohiyo kichwani, na wengi wanamaliza chuo nayo.

Vijana hao ndio watakaotumwa kesho Temeke, Kigamboni na mikoani kuchukua damu za utafiti na kuwasainisha watu fomu. Somo la maadili wanalopewa ni la kukariri. Tunaanza na Kanuni za Nuremberg za 1947 za majaribio kwa binadamu, tunapita kwenye Azimio la Helsinki la 1964 la madaktari wa dunia, tunatua Tuskegee, Marekani, ambako wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kupewa tiba tangu 1932 hadi 1972, kisha muhula unakwisha. Mwanafunzi ataandika kurasa mbili juu ya kuheshimu uamuzi wa mtu, kutenda mema, kutodhuru na kutenda haki. Mpe fomu ya ridhaa yenye makosa matatu ya wazi, hataona hata moja.

Historia hiyo ni ya lazima, sina ugomvi nayo. Ila mifano yote hiyo inahusu mwili wa mtu aliyepo mbele yako. Jenetiki ina tatizo jingine: mtu ameshakwenda nyumbani, ameshasahau hata siku aliyochomwa sindano, na sehemu yake bado iko kwako. Ndiyo maana napendekeza somo lianzie kwenye kichupa, kanuni zifuate baadaye.

Mwalimu aingie darasani na kichupa kitupu chenye kifuniko cha zambarau, kile chenye EDTA ya kuzuia damu isigande. Akipitishe mkono kwa mkono. Kisha aandike ubaoni hesabu hii: tunachukua mililita 5 za damu, sawa na kijiko kimoja cha chai. Kila mililita hutoa takriban mikrogramu 20 hadi 40 za DNA. Kwa hiyo kichupa kizima kinatupa mikrogramu 100 hadi 200. Kusoma jenomu nzima ya mtu, yaani vinasaba vyake vyote, kunahitaji mikrogramu 1 tu, mara nyingi hata pungufu. Zilizobaki ziko wapi?

Swali hilo moja lina kazi ya vipindi viwili. Zilizobaki ziko kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na humo zinaweza kukaa miongo. Friza hiyo ni ya nani? Umeme wa Dar ukikatika saa nane usiku, jenereta inawaka yenyewe au mpaka mlinzi aamshwe? Mtafiti mkuu akihamia chuo kingine, anaondoka na vichupa au anaviacha? Fedha za mradi zikiisha mwaka wa tano, nani analipia friza mwaka wa sita? Mtu mwingine akija na wazo jipya mwaka wa kumi, anaruhusiwa na nani? Wanafunzi wachore safari ya kichupa kuanzia mkononi mwa mshiriki hadi mwisho, na kila kituo waandike jina la cheo cha mtu anayeamua. Mara nyingi mchoro hukwama kituo cha tatu au cha nne, pale ambapo kila mtu anadhani mwenzake ndiye anayeamua. Kwenye miradi halisi nako hukwama hapohapo.

Kituo kimoja kinahitaji kusimamiwa kwa ukali, nacho ni pale jina linapoondolewa na namba kuwekwa. Wanafunzi huandika kwamba sampuli sasa haina mwenyewe. Si kweli. Sampuli yenye namba ina orodha mahali fulani inayosema namba 0147 ni nani, na maadamu orodha hiyo ipo, mtu yupo. Kosa la kawaida kabisa ni kuiweka orodha hiyo kwenye kompyuta ileile yenye majibu, au kwenye flashi moja inayozunguka mfukoni mwa msaidizi wa utafiti. Orodha ikae kwingine, ifungwe kwa nywila, na wanaoweza kuifungua wasizidi wawili au watatu wanaojulikana kwa majina.

Na hata ukiichoma orodha yenyewe, vinasaba vinabaki kuwa jina la aina yake. Jenomu ya mtu yeyote ikilinganishwa na ile ya rejea inayotumiwa na wanasayansi, tofauti ni kati ya milioni 4 na 5. Watafiti walishaonyesha mwaka 2004 kwamba vituo 30 hadi 80 tu vya tofauti hizo, vikichaguliwa vizuri, vinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote duniani. Mwaka 2013 watafiti walichukua data za jenomu zilizokuwa wazi mtandaoni bila majina, wakazioanisha na tovuti za kutafuta koo kwa kutumia kromosomu Y, ile ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake, na taarifa za umma, wakawatambua karibu watu 50. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtu aliyesakwa kwa mauaji ya miaka ya sabini na themanini baada ya kupandisha vinasaba vya eneo la tukio kwenye tovuti ya koo. Mwenyewe hakuwamo humo. Waliokuwamo ni ndugu zake wa mbali.

Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye jenetiki methali hii inapinduka: ndugu ambaye hakuwepo, hakuulizwa wala hakutia sahihi, lake limo kichupani. Mzazi na mtoto wanachangia nusu ya vinasaba, ndugu wa baba na mama mmoja wanachangia takriban nusu. Kwa hiyo fomu inayosema "uamuzi huu ni wako peke yako" inasema kweli kisheria na inapotosha kibaiolojia.

Jamii ndogo nazo zina lao. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi ni watu wanaozidi elfu moja kidogo tu, na kwa kuwa lugha na historia yao ni za pekee, wanasayansi wa jenetiki wamewafuata kwa muda mrefu. Weka kwenye jedwali "mwanamume, miaka 70, Mhadzabe, kijiji fulani" halafu uniambie umeficha jina. Kijiji kizima kinamjua. Zoezi zuri ni kuwapa wanafunzi jedwali la watu 20 wa kubuni lenye umri, jinsia, kabila na kata, bila majina, na kuwauliza ni safu zipi zifutwe au zipanuliwe hadi kusiwe na mstari wenye mtu mmoja pekee. Wataanza na kabila. Baadaye watagundua kuwa hata umri kamili unamfichua mtu, inabidi waandike "60 na zaidi".

Sasa fomu ya ridhaa, ambayo kwangu ndiyo roho ya somo. Mwanafunzi asipewe fomu ya kusoma. Apewe kazi ya kuiandika, na aiandike kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Fomu nyingi zinazozunguka nchini zilizaliwa kwa Kiingereza, zikatafsiriwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kwenye kamati. Ndiyo maana zina sentensi za mistari sita ambazo hata aliyeziandika hawezi kuzisema kwa mdomo.

Ugumu unaanza na neno la kwanza. Ukiandika "tutapima DNA yako na ya mwanao", mama wa Mbagala anasikia kitu kimoja tu: anatuhumiwa. Ukiandika "vinasaba" peke yake, wengi hawana picha yoyote. Ukiandika "asili ya ukoo wako", unagusa mambo ya makabila. Maneno yanayofanya kazi ni marefu kidogo lakini ya wazi: "maelekezo yaliyomo kwenye damu, ambayo mtoto huyarithi kwa baba na mama, na ambayo yanaweza kuonyesha kwa nini ugonjwa fulani unaandama familia." Halafu ndipo useme kwamba maelekezo hayo huitwa vinasaba au DNA, na useme palepale kwamba utafiti huu haupimi mtoto ni wa nani, kama kweli haupimi.

Neno la pili ni "utafiti" lenyewe. Mtu anayeambiwa na mhudumu aliyevaa koti jeupe, ndani ya hospitali, kwenye foleni ya kliniki, kwamba atatolewa damu, anaamini anatibiwa. Fomu iseme bila kuzunguka kwamba damu hii si ya kipimo chako, majibu yake huenda usiyapate, na ukikataa, foleni yako ya daktari iko palepale. Na anayeomba ridhaa asiwe daktari anayemtibu, kwa sababu hapo mgonjwa hana ubavu wa kusema hapana.

Halafu kuna ahadi mbili za uongo ambazo wanafunzi huzinakili kutoka fomu hadi fomu kama sala. Ya kwanza: "hakuna mtu atakayejua." Nimeeleza hapo juu kwa nini mtafiti wa jenetiki hawezi kuahidi hivyo, aseme hatua atakazochukua na kwamba hatari iliyobaki ni ndogo, lakini ipo. Ya pili: "unaweza kujitoa wakati wowote." Kujitoa kuna ngazi zake. Kichupa kinaweza kuharibiwa. Faili lililoko kwenye seva yetu linaweza kufutwa. Lakini matokeo yaliyokwisha kuchapishwa, na nakala zilizokwisha kwenda kwa watafiti wengine, hazirudi. Mshiriki aambiwe hivyo kabla ya sindano, na apewe namba ya simu inayopokelewa. Si ya mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu na kubadili laini.

Mwanafunzi pia atofautishe aina za ridhaa. Kuna ya jambo moja: damu hii ni ya utafiti wa kisukari, basi. Kuna ridhaa pana: itatumika kwa tafiti nyingine za afya zitakazopitishwa na kamati ya maadili. Miradi mingi ya H3Africa, mpango mkubwa wa jenomu barani uliotangazwa mwaka 2010 na kugharimiwa na taasisi za Marekani na Uingereza, ilichukua njia hii, na faida yake si ndogo: uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulisoma jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na kuvumbua tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Kuna na ya tatu, ya visanduku, ambapo mshiriki anaweka alama: ndiyo kwa kutunzwa, hapana kwa kupelekwa nje, ndiyo kwa kupigiwa simu. Darasani hii ya tatu hushinda kila kura. Kwenye maabara ndiyo inayoongoza kwa kuvunjwa. Vichupa vyote vina stika inayofanana, alama za visanduku zimo kwenye karatasi ndani ya kabati, na siku ya kupakia vichupa kwenye sanduku la barafu kavu visafirishwe hakuna anayekwenda kufungua kabati. Anayechagua visanduku aonyeshe na jinsi ridhaa ya kila mtu itakavyosomeka kwenye kichupa chenyewe au kwenye mfumo unaosoma stika.

Fomu ikishaandikwa, ipimwe. Mwanafunzi mmoja anamweleza mwenzake kwa dakika kumi, kisha mwenzake anaeleza tena bila karatasi. Lisiulizwe kamwe swali la "umeelewa?", kwa sababu jibu lake kwetu ni "ndiyo" siku zote, ni adabu. Yaulizwe haya: Tunatafuta nini? Wewe mwenyewe utapata nini? Damu itakayobaki itakwenda wapi? Ni nani mwingine wa ukoo wako anaweza kuguswa na majibu? Ukibadili nia mwezi ujao utafanya nini, na ni kitu gani hakitawezekana tena? La tatu na la tano ndiyo yanayoanguka mara kwa mara. Yakianguka, tatizo ni la fomu, si la mshiriki, na fomu irudi mezani.

Kwa mfano wa ugonjwa tusihangaike kwenda mbali. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, uko hapa, na Tanzania ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani. Baiolojia yake ni nyepesi kueleza: herufi moja imebadilika kwenye jeni moja ya kromosomu ya 11. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo: asiye na iliyobadilika huandikwa AA. Mwenye nakala moja iliyobadilika, AS, kwa kawaida haumwi, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwenye mbili, SS, anaumwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, nasisitiza. Wako wanafunzi wanaofikia mwaka wa tatu wakiamini kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata wamesalimika. Mtu wa namna hiyo akipewa kazi ya unasihi, madhara yake yatahesabika kwa watoto.

Liwekwe mezani kisa hiki cha kubuni. Baba, mama na mtoto wa miaka sita wamejiunga na utafiti. Majibu: mtoto SS, mama AS, baba AA. Darasa litalipuka, na ndani ya nusu dakika mtu atasema baba si baba.

Hapo mwalimu awanyamazishe na kuuliza: mmehakikisha nini? Vichupa havikubadilishana stika? Kosa la stika ni la kwanza kuliwaza, kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote kutokea. Kipimo kilichotumika ni kipi? Kile cha haraka cha kuyeyusha hakitofautishi AS na SS. Mtoto aliongezewa damu karibuni? Damu ya kuongezewa inaleta hemoglobini A, yaani protini ya kawaida inayobeba oksijeni kwenye damu, ya mtu mwingine na kuchafua picha nzima. Kisha lije swali ambalo wengi hawalifikirii: je, mtoto amerithi S kwa mama na talasemia ya beta, kasoro nyingine ya kurithi ya hemoglobini, kwa baba? Mtoto wa namna hiyo kwenye kipimo cha elektroforesisi, kinachotenganisha aina za hemoglobini, anaweza kufanana kabisa na SS, na baba mwenye jeni moja ya talasemia ya beta anasomeka AA usipotazama kiwango cha hemoglobini A2, aina inayopanda kwa mwenye jeni hiyo. Yaani baba ni baba halali, na darasa zima limeshamvunjia ndoa yake.

Ikiwa yote yamehakikishwa na tofauti bado ipo, ndipo maadili yanapoanza kweli. Wengi watasema nyamaza, kwani utafiti ulikuwa wa selimundu. Sawa, lakini baba akipewa jibu lake la AA, na kliniki imeshamfundisha kwamba mtoto wa SS ana wazazi wawili wenye S, atapiga hesabu mwenyewe akiwa kwenye bajaji. Ukimnyima jibu lake ulilomwahidi, umevunja ahadi. Ukimwambia mama peke yake, umemficha mume. Ukikaa kimya kabisa, wanandoa hao wataacha kuzaa wakiogopa ugonjwa ambao pengine mimba zao pamoja haziwezi kuuleta. Mimi sioni njia ya kutoka humo bila kumuumiza mtu. Ninachokiona ni kwamba uamuzi ulitakiwa kufanywa kabla ya sindano: fomu iseme kama majibu binafsi yatatolewa au la, iseme kwamba uhusiano wa damu hautaripotiwa, na kama majibu yanatolewa, kila mtu mzima apewe lake faraghani na mnasihi aliyefundishwa, si karatasi moja ya familia nzima mikononi mwa karani.

Hapa niseme jambo ambalo vyuo havipendi kulisikia. Maadili haya yanavunjwa kila muhula ndani ya maabara zetu za mafunzo. Wanafunzi wanatakiwa kujipima kundi la damu au selimundu, kisha majibu yanaandikwa ubaoni kwa majina "ili tupate takwimu za darasa". Msichana anagundua mbele ya wenzake 80 kwamba ni AS. Kijana wa kundi A anajua kwamba baba na mama wote ni O, na mwalimu amemaliza dakika tano zilizopita kueleza kwamba haiwezekani. Hakuna fomu, hakuna faragha, na kukataa maana yake ni kukosa alama. Zoezi lifanywe kwa sampuli zilizoandaliwa, zisizo za mtu yeyote aliyemo chumbani. Anayetaka kujua hali yake aende kliniki kwa hiari yake. Mwalimu asiyeona tatizo hapo asipangiwe kufundisha somo hili.

Mifano ya nje itumike, ila kwa mtindo wa kuwaficha wanafunzi mwisho wake. Chukua kabila la Havasupai la Arizona. Kuanzia 1990 walitoa damu wakijua ni kwa ajili ya kisukari kilichowaandama. Fomu waliyotia sahihi ilitaja kwa upana magonjwa ya tabia na ya mwili. Wape wanafunzi hayo mawili tu, maneno ya mdomo na maneno ya fomu, na waulize: je, damu hii inaweza kutumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuoana kwa ndugu, na mababu wa kabila walitokea wapi? Wengi husema inaweza, fomu inaruhusu. Ndipo uwaambie kwamba ilitumika hivyo, kwamba masimulizi ya asili ya kabila yalipingwa kwa damu ya wenyewe, na kwamba mwaka 2010 chuo kikuu husika kililipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Texas nayo, mwaka huohuo, iliharibu zaidi ya kadi milioni 5 za matone ya damu ya watoto wachanga baada ya wazazi kwenda mahakamani, kwa kuwa zilikuwa zimetunzwa na kutumika bila wao kuulizwa. Upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga unatumia kadi za aina hiyohiyo, kwa hiyo tusiione habari hiyo kama sinema. Wasani (San), jamii ya wawindaji wa asili, wa Afrika Kusini, baada ya jenomu za wazee wa Kisani wa Namibia kuchapishwa mwaka 2010 kwa njia iliyowaudhi viongozi wao, waliandika kanuni zao wenyewe za utafiti mwaka 2017. Ni fupi, zinasomeka kwa kipindi kimoja, na zimeandikwa na jamii ya waliochomwa sindano. Kuhusu mwanasayansi wa China aliyehariri jeni za viinitete vya mapacha mwaka 2018 na kufungwa miaka mitatu, kipindi kimoja kinatosha. Anavutia, lakini hakuna mhitimu wetu atakayekutana na jambo lile. Atakutana na stika na kabati.

Sheria zipitiwe kwa kufuata faili, si kwa kukariri vifungu. Nani anatoa kibali cha maadili: kamati ya chuo, na ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti wa kigeni anapita pia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Sampuli ikitoka nje ya nchi inahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli, na data nayo ina mkataba wake. Kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Mwanafunzi apewe mkataba wa kuhamisha sampuli wa kurasa tatu na atafute mistari minne: mabaki yatafanywa nini, nani anaruhusiwa kumpa mtu wa tatu, kitu kikiuzwa nani anapata nini, na majina ya Watanzania yatakaa wapi kwenye andiko. Mstari wa mabaki ndio unaokosekana mara nyingi, au umeandikwa "kadiri itakavyoonekana inafaa". Inafaa kwa nani?

Na mtihani. Maadamu tunapima kwa maswali ya "taja na fafanua", watakariri. Katika zile alama 40 za kazi za muhula, 20 ziwe za fomu aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe, akaitetea kwa mdomo mbele ya jopo la watu watatu: mwalimu wa maabara, mtu wa sheria au unasihi, na mtu wa tatu asiyejua lolote la jenetiki. Huyu wa tatu ndiye wa maana kuliko wote. Awe mama lishe wa jirani na chuo, fundi cherehani, mzee wa msikiti au wa kanisa. Mwanafunzi amsalimie, amweleze, aulizwe. Mama lishe akisema "mwanangu, hapo kwenye friza sijakuelewa", alama zipungue.

Mtu huyu apewe malipo yake na nauli siku hiyohiyo, mkononi au kwenye simu, kabla hajatoka getini. Wanafunzi huwa wanauliza kama kumlipa si kumhonga. Amefunga banda lake saa za chakula cha mchana kuja kuwasikiliza, na sufuria la wali halipiki lenyewe.

Mwalimu wa maadili ya utafiti,
Upanga, Dar es Salaam